Niliomba elfu arobaini, zikaingia kwenye simu. Sasa mwenyewe anazidai

Bwana asifiwe, Mama.

Mimi ni fundi wa magurudumu hapa Mariakani, kando ya barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Kazi yangu ni kuziba panchari za malori. Siku ikiwa nzuri narudi nyumbani na shilingi 1,200, ikiwa mbaya 700, na kuna siku narudi na mikono mitupu. Nina mke na watoto watatu. Nimeokoka mwaka wa kumi na moja huu, na kanisani ni mmoja wa wahudumu wa mlangoni.

Kifunguamimba wangu ni msichana. Mwezi wa kwanza alitakiwa kuingia Gredi ya 10, shule ya bweni. Karo ya muhula wa kwanza peke yake 26,777, bado sanduku, godoro, sare na viatu. Nikapiga hesabu nikaona bila elfu arobaini mtoto haendi popote, na mimi hata elfu tatu sikuwa nazo. Nikafunga siku tatu. Nilimtajia Mungu kiasi chenyewe, elfu arobaini, sikuzunguka. Sikumwambia mtu mwingine. Hata mke wangu nilimwambia tu, “Mungu atafanya.”

Siku ya nne asubuhi niko chini ya lori, simu ikalia. Nikaitoa mfukoni kwa vidole vyenye grisi nikasoma: 41,200. Aliyetuma ni mwanamke, jina silijui. Mama, nililia palepale chini ya lori mpaka dereva akauliza kama nimebanwa na jeki.

Nikaenda kwa wakala nikazitoa zote. Nitakuwa mwongo nikikuambia sikuwaza kwamba huenda zimekosewa njia. Niliwaza. Ndiyo maana nilienda mbio.

Haikupita robo saa mwenye pesa akapiga. Akasema alikuwa akimtumia mweka hazina wa chama chao, akakosea tarakimu moja. Nikamwambia amekosea nambari, nikakata. Akaandika: “Kaka, nakuomba kwa jina la Mungu, hizo pesa si zangu, ni za kina mama kumi na wawili.” Nikaifungia nambari yake asinipate tena. Nilijiambia ni tapeli, maana sote tunaujua ule mchezo wa “nimekutumia pesa kwa makosa, nirudishie.”

Jumapili nikasimama nikatoa ushuhuda. Nikatoa na zaka, 4,120. Vigelegele vilivyopigwa siku ile sijawahi kupigiwa hata siku ya harusi yangu. Mchungaji ametumia ushuhuda wangu mara tatu katika mahubiri, kwamba Mungu wetu akiombwa elfu arobaini anatuma na chenji. Karo nikalipa, vitu vya shule vikanunuliwa kwa 9,300, na zile mia saba na kitu zilizobaki baada ya ada ya wakala tukanunua nyama na soda tukamshukuru Mungu.

Wiki iliyopita mke wangu alichukua simu yangu kutafuta ujumbe wa shule, akakutana na ule wa yule mama. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja tu: “Mungu uliyemshukuru pale mbele ni yupi?” Tangu siku hiyo ananipikia, ananiwekea maji ya kuoga, lakini haongei nami.

Mama, nina maswali matatu. Kwanza, Elia alipoletewa nyama na kunguru, Biblia haisemi aliwauliza wameitoa wapi. Kwa nini mimi nisiamini kwamba Mungu alitumia kosa la yule mama kunijibu? Pili, hata nikitaka kurudisha, nitatoa wapi? Nikianza kulipa deni hili, muhula wa pili mtoto atarudishwa nyumbani, na hapo imani yangu itakuwa imesaidia nini? Tatu, nikilipa kimyakimya lazima kanisa lijue? Naona bora nife kuliko kusimama mbele ya wale watu.

Fundi, Mariakani

*

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale unaposema, “Niliwaza. Ndiyo maana nilienda mbio.” Ungeweza kuiruka sentensi hiyo na mimi nisingejua. Hukuiruka. Kwa hiyo sitakuandikia kama mtu anayemwandikia mwizi, nitakuandikia kama ninavyomwandikia mtu ambaye tayari anajua jibu, anatafuta wa kumshika mkono akifika mlangoni.

Tuanze na kunguru wako.

Kweli, 1 Wafalme 17 haisemi nyama ilitoka wapi. Lakini kunguru hakupigiwa simu na mwenye nyama. Wala Elia hakumfungia mtu nambari. Na ukitaka kumtumia Elia, usiishie pale penye utamu. Mstari wa saba unasema kijito kikakauka. Mtu alitii, akaenda Kerithi kama alivyoambiwa, akakaa alipoambiwa akae, na maji yakamkaukia mbele ya macho yake. Hakuna aliyemwambia ametenda dhambi. Aliambiwa tu ainuke aende Sarepta, akamwombe chakula mwanamke mjane ambaye naye alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo. Akamwomba kwa mdomo wake, mama yule akisikia na akijua anatoa nini. Hapo ndipo chakula kilipotoka.

Kama unatafuta mtu wa Biblia aliyepatwa na jambo lako lenyewe, nenda 1 Samweli 24. Daudi amejificha pangoni kule Engedi na watu wake. Sauli, anayemwinda usiku na mchana, anaingia pango lilelile kujisaidia, peke yake. Watu wa Daudi wakamnong'oneza kwamba hii ndiyo ile siku Bwana aliyokuahidi, amemtia adui yako mkononi mwako. Sikiliza vizuri, mwanangu, hawakuwa wapagani wale. Walikuwa wanatoa ushuhuda! Kila kitu kilipangika: mahali, wakati, giza, hata haja ya mfalme. Nani angesema si Mungu? Daudi akakata upindo wa vazi tu, na hata kwa huo upindo moyo wake ukamchoma.

Tumezoea kusema mlango ukifunguka basi Mungu kaufungua. Kuna milango inafunguka kwa sababu mwenye nyumba kasahau kuifunga. Kitu kuangukia mkononi mwako hakikuambii ni cha nani. Daudi alijua la kufanya pangoni kwa sababu Sauli alikuwa mpakwa mafuta wa Bwana, na neno lile lilikuwa na uzito kuliko namna mambo yalivyompangikia. Wewe nawe ulikuwa na neno. Amri Kumi unazijua. Kumbukumbu la Torati 22 inamkataza mtu kujifanya hakumwona ng'ombe wa nduguye aliyepotea. Imkute yuko karibu au mbali, lazima amrudishie. Ng'ombe wa siku zile alikuwa na kamba shingoni, wa siku hizi ana tarakimu kumi. Kujificha asikuone mwenyewe ni kulekule.

Kuhusu utapeli, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, ingawa naelewa kwa nini uliushika. Tapeli hutuma ujumbe mtupu uliotungwa, kutoka nambari ya kawaida, na salio lako halisogei. Wewe ulikwenda kwa wakala ukahesabu noti. Kama kweli ulimshuku, ungeziacha pesa palepale kwenye simu, ukapigia huduma kwa wateja, ukawaambia kuna fedha imeingia siijui. Mtumaji naye akipeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kurudisha pesa, kampuni huzuia pesa kama bado zipo. Wewe ulihakikisha hazipo. Nalisema hili kwa ukali kidogo kwa sababu mkeo amelisema kwa upole na sioni kama limekuingia.

Sasa, je, Mungu alisikia maombi yako? Alisikia. Sina wasiwasi na hilo. Lakini ulifunga siku tatu, na siku ya nne hukuona haja tena ya kungoja. Na kuna jambo moja linanisumbua kuliko hata pesa zenyewe: hukumwambia mtu. Si mzee wa kanisa, si mwenzako wa jumuiya, hata mkeo hukumtajia kiasi. Wengine tunadhani kumwambia mwanadamu shida yetu ni upungufu wa imani. Mjane wa Sarepta angeombwaje kama Elia angenyamaza? Inawezekana majibu yako yalikuwa katika ofisi ya wadi kwenye fomu za basari ya kaunti, au kwa mwalimu mkuu anayekubali karo kwa mafungu, au kwa watu haohao waliokupigia vigelegele. Wangekuchangia, nadhani. Watu wa pwani tunaweza kulalamika, lakini mtoto wa mwenzetu akikosa sanduku la shule tunatoa.

Unaniuliza, nikirudisha na mtoto akarudishwa nyumbani, imani itakuwa imesaidia nini. Hapo ndipo nilipotaka tufike.

Mpaka leo hujamtumaini Mungu katika jambo hili. Usikasirike. Uliomba, ikaja pesa, ukashangilia. Kushangilia pesa hata asiyeamini anaweza. Mithali 3:5 tunaipenda na tunaibandika ukutani: “Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe.” Akili zako ndizo zilizokwenda mbio kwa wakala. Akili zako ndizo zinazopiga hesabu sasa hivi kwamba 41,200 haziwezi kutoka kwa mtu wa 700 kwa siku. Kumtumaini Mungu kwako kutaanza siku utakapotuma shilingi ya kwanza bila kujua muhula wa pili utalipwa na nani. Kabla ya hapo ilikuwa furaha tu.

Wala sitakuahidi kwamba ukirudisha Mungu atakumiminia mara mbili. Nimechoka na mahubiri ya namna hiyo, na Mungu anisamehe kama nakosea. Wale vijana watatu wa Danieli 3 walimwambia mfalme Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, halafu wakaongeza maneno manne ambayo hatuyabandiki ukutani: “Bali kama si hivyo.” Yaani hata asipotuokoa, hatusujudu. Utii wao haukuwa na bei nyuma yake.

Nikusimulie langu. Mwaka 1996 nilinunua vitambaa duka moja pale Mwembe Tayari, Mombasa. Nilitoa noti ya mia tano, muuzaji akanipa chenji ya elfu moja. Zile noti za elfu zilikuwa bado ngeni ngeni. Niliona kosa nikiwa nimeshafika Likoni, nikasema asante Yesu, maana nyumbani hapakuwa na mafuta ya taa. Nilikaa nazo siku tisa. Siku ya kumi nikarudi dukani nikazirudisha. Unajua nilichoambulia? Yule mzee alizihesabu mbele ya wateja, akasema kwa sauti, “Mwizi huyu ana adabu.” Wakacheka wote. Nilivuka feri nikilia, na mafuta ya taa hatukuwa nayo vilevile. Hakuna aliyekuja usiku na debe la mafuta. Nilichopata ni kwamba usiku ule nilipopiga magoti sikuwa na kitu cha kuzunguka. Wewe unakijua kile kitu. Unakizunguka kila ukiomba, ndiyo maana umeandika barua.

Basi tuseme la kufanya.

Deni lako ni 41,200 kamili. Usipunguze zaka, wala ada ya wakala, wala ile nyama. Ukisoma Walawi 6, mtu aliyeokota kilichopotea akakikana anatakiwa arudishe chote na aongeze sehemu ya tano, na ampe mwenyewe siku anapotambua hatia yake. Sehemu ya tano ya pesa hizi ni 8,240. Sisi hatuko chini ya sheria ya sadaka zile na sikulazimishi, lakini fikiria: kina mama kumi na wawili walikuwa wakisubiri, na pengine yule mmoja alilazimika kukopa ili asionekane mwizi chamani kwake. Kosa lako limemgharimu zaidi ya ulichokula. Zakayo alisema mara nne bila kuombwa. Maliza deni kwanza, hilo la sehemu ya tano utalizungumza na mkeo.

Mfungulie nambari. Kabla ya kutuma chochote hakikisha ni yeye: muulize tarehe, saa, kiasi, na ule msimbo wa muamala wenye herufi na tarakimu, jumla kumi, uwe sawa na ulio kwenye ujumbe wako. Ukisharidhika, tuma kwenye nambari ileile iliyokutumia, si nyingine, hata akikuambia hiyo imepotea. Hapo tahadhari yako dhidi ya matapeli itakuwa na kazi ya halali.

Mwambie ukweli mapema: pesa nimezitumia, sina zote, nitalipa. Ukiweka kando 300 kila siku ya kazi, siku sita, ni 1,800 kwa wiki. Deni litakwisha wiki ya ishirini na tatu. Ni mwendo mrefu. Ukiwa na kitu cha kuuza, kiuze upunguze mwanzoni, maana mtu aliyepoteza elfu arobaini ukimpelekea 1,800 atadhani unamchezea. Na yeye ana haki ya kukataa mafungu. Hilo ulijue. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 kuhusu makosa ya kompyuta na mitandao inataja kosa la mtu kuficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mimi si wakili. Nakuambia ili usidhani unamfanyia mama wa watu hisani, na ili usikae wiki nyingine ukitafakari.

Anaweza kukutukana. Mwache atukane. Usimhubirie, na tafadhali usimwambie Mungu ndiye aliyekutuma umrudishie, kwa sababu mara ya mwisho kumtaja Mungu kati yenu ni yeye aliyemtaja, na wewe ukamfungia.

Sasa kanisa. Natamani ningekuambia lipa kimyakimya yaishe, maana aibu naijua. Kama ungenyamaza tangu mwanzo, ningekuambia hivyo. Lakini hukunyamaza. Ulisimama mbele ya watu ukasema Mungu amefanya jambo ambalo hakulifanya, na sasa kuna mtu katika benchi la nyuma, ana mtoto hajaenda shule, anafunga siku tatu kwa kufuata mfano wako, na siku ya nne simu yake haitalia. Atajiona Mungu hampendi. Huyo una deni lake pia. Kumtaja Mungu uongo si jambo la ndani ya nyumba yako.

Nenda kwa mchungaji kwanza, peke yako au na mkeo, siku ya katikati ya wiki, si Jumapili asubuhi akiwa anavaa kola. Mwambie yote kama ulivyoniambia mimi. Mpe naye nafasi ya kujisikia vibaya. Amelihubiri mara tatu. Halafu msimame, maneno machache tu: pesa nilizoshuhudia zilikuwa za mtu, nilijua, nimeanza kurudisha, mniombee. Dakika mbili, ukae. Hakuna haja ya kulia, na mtu akianza kupiga vigelegele mwambie asubiri.

Ile zaka ya 4,120 si yako na si ya kanisa. Mwambie mchungaji hivyo. Kama kanisa litaitoa, iende moja kwa moja kwa yule mama, isipite mfukoni mwako. Kama halitaitoa, usigombane, ilipe wewe. Samweli alimwambia Sauli kutii ni bora kuliko dhabihu akiwa amesimama kati ya ng'ombe na kondoo walionona waliotekwa kwa Waamaleki, na Sauli akisema wote ni wa kumtolea Bwana. Mathayo 5 nayo inasema ukikumbuka nduguyo ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende kwanza. Wahudumu wa mlangoni mnasimama karibu sana na vikapu vya sadaka, mwanangu. Muombe mchungaji akupumzishe zamu kwa muda kabla hajakuambia yeye.

Msichana asitolewe shuleni. Hana kosa, na karo iliyolipwa imelipwa. Aliyebaki na deni ni wewe. Lakini akija likizo umwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa watoto wa kanisani. Fomu za basari nazo uzifuate sasa, usingoje wiki ya kufungua shule ndipo uanze kufunga na kuomba. Funga, lakini na fomu ujaze.

Nimemwacha mkeo mwisho makusudi. Lile swali lake ni ushauri tosha, mimi nimelirefusha tu. Mwanamke aliyekula nyama ile akidhani ni ya shukrani, kisha akajua, ana haki ya kunyamaza. Usimwombe akusamehe ndipo muendelee. Mkabidhi simu. Mwambie amtafute yule mama yeye, kwa sababu mama aliyelia kwa ajili ya wenzake kumi na mmoja atamsikia mwanamke mwenzake kabla ya kukusikia wewe. Halafu wewe uchukue simu useme la kwako.

Kama maneno yatakushinda, kuna haya, uyaandike jinsi yalivyo:

“Mama, mimi ndiye niliyepokea zile 41,200 zako. Nilijua ni za makosa, nikazitoa, nikakufungia simu. Nimekosa. Sina zote leo lakini nitakurudishia mpaka ya mwisho. Naomba unipigie ukiwa tayari, nitapokea.”

Yatume asubuhi, baada ya saa tatu hivi. Usiyatume usiku. Mtu aliyepoteza pesa za wenzake simu ikilia usiku hushtuka.